Seva Tatu za Dorcas na Birika la Bodi

Modesta alikuwa na ufunguo wa chumba cha seva kwa sababu moja tu: hakuna mwingine aliyetaka kukifagia. Mwaka wa kumi na tisa huo alikuwa akipika chai na kufanya usafi kwenye kituo cha afya upande wa Pasiansi, na kila chumba chenye vumbi kilikuwa chake.

Seva zilikuwa tatu, mbili chumbani humo na moja ng'ambo ya ua, maabara. Dorcas, fundi wa kompyuta, ndiye aliyeziunganisha zikawa kama kitu kimoja, kwa programu huria, ile ambayo mtu huichukua bure na kuifungua aone ndani. Hakukuwa na sanduku la pembeni la kutunzia kumbukumbu. Kila seva ilibeba kazi yake na nakala za wenzake. Humo ndani Dorcas alitengeneza kompyuta pepe, zisizoshikika kwa mkono, moja ya mapokezi, moja ya dawa, moja ya maabara, na vitu vingine vidogo alivyoviita kontena. Modesta aliyajua makontena ya Buzuruga yanayouziwa vocha, na hakuona yangepitaje mlango ule, ila hakuuliza. Alichoshika ni maneno ambayo Dorcas alimwambia kila mgeni: mmoja akianguka, wawili wanaendelea na kazi.

Siku ya kikao cha bodi gesi ya jikoni iliisha, na mkaa ulikuwa umelowa. Mzee Bagenda, mwenyekiti, mstaafu wa benki kutoka Bukoba, hafungui kikao bila kikombe mkononi. Modesta akakumbuka birika la umeme. Chumba cha seva kilipakana na ukumbi, lakini soketi zake zote zilikuwa zimejaa. Akazitazama zile seva mbili, akachagua yenye kelele zaidi, akaichomoa, akachomeka birika. Akatega sikio. Mapokezi wanaita majina kama kawaida. Kumbe huyu binti si mwongo, akajiambia. Alinuia kuirudisha chai ikichemka, lakini wajumbe walikunywa kama ng'ombe waliotembea toka Usagara, ikabidi birika lichemke tena, na tena.

Kikao chenyewe kilimhusu Dorcas. Baadhi ya wajumbe walitaka mtambo wa kununua, wenye leseni ya kila mwaka na mafundi wa kutoka Dar, na mkataba wa Dorcas ulikuwa unaisha mwezi huo. Saa mbili asubuhi Dorcas alikagua seva zote akakuta ziko sawa, kisha akazima simu, maana Bagenda hataki simu zilie kikaoni. Onyo lolote ambalo seva zilimtumia baada ya hapo hakuliona. Saa tano akamwomba mwenyekiti aende mwenyewe maabara, aichomoe seva ya kule, aone kama kuna mgonjwa atakayesumbuka.

Bagenda akaenda, akachomoa kwa mkono wake. Hata hajakaa vizuri, Nathaniel wa mapokezi akaja kusema kompyuta zimeganda na foleni imefika getini.

Dorcas akafungua kompyuta yake, akabofya, akabofya tena. Mjumbe mmoja akasema kwa upole kwamba vitu vya bure ndivyo vilivyo. Mwenyekiti akachukua kalamu. Modesta alikuwa anamimina chai. Alipoiona kalamu ile, akaweka chupa chini.

"Shikamoo mwenyekiti," akasema, ingawa walishasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Chai inatosha, mama."

"Si chai. Yaani, ni chai. Hiyo unayokunywa imechemkia kwenye soketi ya seva. Moja nimeichomoa tangu saa mbili na nusu."

Dorcas akageuka. "Mama Modesta, umefanya nini?"

"Si wewe uliyesema mmoja akianguka wawili wanaendelea? Wameendelea, mwanangu. Aliyemwangusha wa pili ni huyu mzee."

Wajumbe wakamtazama mwenyekiti, naye akatazama kikombe chake. Ndipo Dorcas akaeleza. Seva ikibaki peke yake haiwezi kujua kama wenzake wamezimika au ni waya tu uliokatika kati yao. Kila mmoja akishika lake, kumbukumbu za wagonjwa zitapishana. Kwa hiyo wanaoamua ni wawili kati ya watatu, na aliyebaki peke yake husimama asije akaharibu.

Bagenda akauliza jambo moja: tangu saa mbili na nusu mpaka alipochomoa yeye, mapokezi waliandikisha wangapi? Nathaniel akatazama namba za foleni. Arobaini na mmoja.

Birika likachomolewa, seva zikarudishwa, zikasubiriwa mpaka zikapatana zote tatu. Mwenyekiti akataka jaribio lirudiwe, na safari hii achomoe Modesta. Wajumbe wakajipanga mapokezi kutazama. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakadhani ni ukaguzi, wakaweka kanga zao vizuri. Majina yakaendelea kuitwa.

Bodi ikaandika kwamba seva zibaki, na Dorcas abaki nazo. Bagenda alitaka iandikwe pia kwamba mpika chai anyang'anywe ufunguo. Dorcas, ambaye hakumsalimia Modesta mpaka Ijumaa, alikataa. Alisema katika kituo kizima huyo ndiye peke yake aliyewahi kumsikiliza.