Usawa wa Kifua

Mtaani walimwita Mama Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haikutoka mfukoni hata akienda msibani. Alikuwa afisa miti wa manispaa, mwaka wa kumi na moja sasa, mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wenye haraka ya kujenga kwamba wasubiri kwanza. Kazi ya kuchukiwa hiyo, usione hivi.

Safari hii zamu ya kumchukia ilikuwa ya mshona nguo mmoja, mwenye nyumba nyembamba ya ghorofa: chini cherehani na vitambaa, juu kitanda. Juu huko alilala mumewe, aliyepatwa na kiharusi miezi minne iliyopita, na tangu siku hiyo hajashuka ngazi. Mke alitaka chumba kimoja tu uani, chenye mlango mpana, mzee wake aone watu. Na katikati ya ua palisimama mti.

Sheria ndogo ya manispaa haikumung'unya maneno: mti wenye mzingo wa sentimita mia moja na hamsini kwenda juu, ukipimwa usawa wa kifua, haukatwi, wala msingi hauchimbwi chini ya matawi yake. Mama Futi aliuzungushia futi, akasoma mia hamsini na sita. Akaandika kwamba hairuhusiwi. Mzee alimtia huruma, ila tuseme ukweli, moyo pia ulimtulia, maana mti ule aliupenda.

Mshona nguo hakulia wala hakutukana. Alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, vile mafundi cherehani wanavyomtazama mtu hata wakiwa na majonzi.

"Usawa wa kifua cha nani, dada yangu?"

Mama Futi akajibu kwamba kifua ni kifua.

"Mimi sijawahi kumshonea mteja kwa kifua changu."

Maneno hayo yalimfuata hadi ofisini. Akafungua kitabu cha sheria, ambacho kusema kweli hakukigusa tangu mwaka wa kwanza, na ukurasa wa mwisho ukamsuta: usawa wa kifua ni mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini. Zamani ulikuwepo ufito wa kupimia kimo hicho. Ulivunjika, hakuna aliyenunua mwingine, na tangu hapo kifua chake ndicho kikawa kifua cha manispaa. Akajipima ukutani: mita moja na kumi. Huko chini shina huwa nene zaidi. Alikaa kitini akaona aibu, kisha akaanza kuorodhesha viwanja vyote vya kurudia.

Kesho yake asubuhi alirudi uani na ufito mpya, akakiri kosa lake, akautia mti alama ya chaki. Ili asije akaambiwa amependelea, akamwachia mshona nguo futi azungushe na kusoma mwenyewe. Mama wa watu akasoma: mia hamsini na moja.

Basi mambo yalikuwa yamekwisha. Mti umepona, na mwenye nyumba amejisomea mwenyewe. Mama Futi angenyamaza tu. Lakini aliviona vidole viwili vimeingia chini ya futi, kwa mazoea ya miaka arobaini, vile mafundi wanavyomwachia mteja nafasi ya kupumua.

"Toa vidole, mama," alisema.

Mia arobaini na nane. Kibali alikiandika palepale juu ya meza ya cherehani, mkono mzito.

Mwezi mzima Mama Futi aliukwepa mtaa ule. Hakutaka kuona kisiki. Siku ilipombidi apite, akajikaza, akaingia uani.

Mti ulikuwepo. Chumba nacho kilikuwepo, ukuta mmoja umeingia ndani kwa mviringo na kupisha shina, kama kwapa la gauni. Mzizi mkubwa umepita chini ya mkanda wa zege uliobeba ukuta, bila kukatwa. Mwashi alinung'unika wiki nzima, hadi mshona nguo akamchorea mviringo huo kwa chaki yake. Mlangoni, kwenye kiti cha magurudumu, mzee alikuwa akiwasalimu wapita njia, nusu ya uso ikicheka.

Mama Futi aliingiza mkono kati ya ukuta na shina. Ukapita hadi kiwiko.

"Chumba kimekuwa kidogo," mshona nguo alisema nyuma yake. "Lakini vile vidole ulivyoniambia nitoe, dada yangu, nimevirudisha."