Aliyelala Kaburini kwa Hakim

Naimah alikuwa bado katika eda, hana manukato wala wanja, wakati mumewe Hakim, yuleyule aliyezikwa nyuma ya msikiti wa Bwera, alipoingia kwa mlango wa jikoni na kuomba maji.

Asikudanganye mtu kwamba alifurahi papo hapo. Alimpa maji, akabaki na kikombe kitupu mkononi, hajui acheke au akimbie.

Hakim alikuwa dereva wa lori la kwenda Butembo, Kongo. Waasi walilichoma karibu na Beni, na nyuma ya usukani ikapatikana maiti isiyotambulika. Ililetwa Bwera, mpakani, imefungwa. Wazee wakasema maiti haicheleweshwi, wala hakuna haja ya kufungua, maana anayekaa kwenye usukani ni dereva, nani mwingine? Ikazikwa kabla ya alasiri.

"Nilikuwa na homa," Hakim alisema. "Nikamuambia Nasani ashike usukani, mimi nikalala nyuma. Risasi zikaanza, nikaruka. Yeye hakuruka. Nimejificha porini mpaka nikapata njia ya kurudi."

Nasani alikuwa utingo wake, Mkristo wa Kahendero, kijiji cha wavuvi.

Shuleni Kasese, Naimah alizimeza riwaya za kale za wapenzi wanaokufa wakiitana. Hakim alizoea kumtania: "Kwani hawa watu hakuna hata mumoja anapona?" Naye alipofiwa aliziiga kweli. Alitoroka eda siku moja, akalala juu ya kaburi akilia mpaka mama mkwe akaja kumvuta mkono. Lakini riwaya zile hazikumwambia afanye nini mpenzi akirudi akiwa na kiu.

Sasa alicheka, kisha akalia, akanyoosha mkono amguse. Hakim akarudi nyuma hadi ukutani.

"Kahendero wanajua?" aliuliza.

Naimah alikumbuka matanga. Sylivia, mke wa Nasani, alikuwa amekuja na samaki wakavu, akakaa naye mkeka mmoja, akamfuta machozi kwa kitambaa chake. "Pole dada," alimwambia. "Wangu alikimbilia porini. Akirudi atatuambia yote."

Kwa kitambo Naimah alitamani kumficha Hakim chumbani, mlango ufungwe, Kahendero waendelee kungoja. Alijichukia kwa wazo hilo, na bado alilitaka. Alitaka mumewe. Je, alikuwa mjane wa nani miezi yote hiyo?

Asubuhi walikwenda pamoja. Sylivia alikuwa nje akipaa samaki. Alipomwona Hakim aliinuka kwa furaha, akachungulia nyuma yake kumtafuta wa pili. Hakim alitazama chini, Naimah ndiye akasema ni nani aliyezikwa Bwera.

Sylivia hakupiga ukelele. Alikaa chini, akaendelea kumpaa samaki yuleyule mpaka magamba yakaisha.

"Dada," alimwambia Naimah, "ulimulilia?"

"Nilimlilia."

"Muzuri?"

"Sana. Nililala juu ya kaburi lake kama la mume wangu."

Sylivia alinawa mikono, akaifuta kwa kile kitambaa. Kisha akamfunga mwanawe mgongoni.

"Basi twende. Unionyeshe mahali ulilala."