Mikono ya Kukanda Unga

...sasa kwa nini shingoni, mguu uko kule chini, umelazwa juu ya mito miwili, umevimba, mzito, unang'aa, na huyu binti wa tiba amesimama kichwani pa mama anamgusa juu ya mifupa ya mabega, vidole vimenyooka, anavuta ngozi kidogo na kuiachia, anavuta na kuiachia, hata anayepangusa kioo anatumia nguvu kuliko hizo, lakini yeye, mtoto wa huyu mama, asiulize, nani kampa ulimi wa kuuliza, akae hapo hapo kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango na mikono yake aikalie, maana ameikalia, yote miwili, ameibana chini ya mapaja tangu lile swali la huyu binti, na vidole vimeanza kufa ganzi, na vife, vifie huko huko... "Vuta pumzi, bibi, ijaze tumboni," anasema binti wa tiba, na mama anavuta, mama ambaye nyumbani ukimwambia neno moja anakujibu matatu, leo katulia kama mtoto anayenyolewa, kafumba macho, anasema, "Mwanangu, huyu mke mwenza wangu yuko kule chini, au kahamia shingoni?" maana ndivyo anavyouita mguu, mke mwenza, kala nafasi yote kitandani na asubuhi haamki, na binti anacheka, anasema ni kama ukumbi uliojaa watu, bibi, huwezi kuwasukuma walio nyuma kabla hujawatoa walio mlangoni, na mlango wa maji haya yaliyojaa mguuni uko hapa juu, nifungue hapa kwanza, kisha tumboni, kisha kinenani, kisha paja, mguu mwisho... mguu mwisho, na yeye miezi miwili kila jioni alianzia unyayoni, beseni la maji ya moto, mafuta, taulo, anaanzia unyayoni na kupanda nao kwa nguvu zote alizobakiza kazini, watu wa nyuma aliwasukuma kweli kweli, aliwaponda ukutani, Mungu wangu...

Ni neno moja tu, akandwe, yule muuguzi wa kwenye korido, mafaili kifuani, haraka zake, alipima mguu kwa utepe akaandika arobaini na nne, akasema moyo umepimwa ni mzima, figo nzima, ni mishipa imechoka kwa miaka yote ile ya kusimama, tarehe ya mtaalamu ni baada ya miezi miwili, ila huyu mama akandwe, na yeye akafurahi, ndiyo, alifurahi, akasema kukanda ndiyo kazi yangu, dada, miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha mikate, unga wa gunia zima anaugeuza peke yake mezani, wanaume wawili wameikimbia ile meza, na muuguzi akasema haya basi, mama kapata daktari nyumbani, wakacheka wote watatu pale kwenye korido, na mikono hii ambayo mama aliifanya jina lake tangu mdogo, Mikono njoo, Mikono kamua nguo, Mikono taratibu utavunja kikombe, siku ile ikapata kazi ya maana. Hakuuliza. Angeuliza akandwe vipi, neno ni hilo hilo, la unga na la mtu, nani angejua kwamba kuna kukanda na kuna kukanda... la, alijua, hapo ndipo roho inapomchoma, alijua, kwa sababu unga mzuri ukiuchoma kidole shimo linajifuta lenyewe, na mguu wa mama ukiuchoma kidole shimo linabaki, linakaa pale hadi amalize kukunja taulo, na fundi yeyote wa mikate akiona shimo halirudi anatoa mikono yake, haongezi kukanda, lakini yeye aliongeza, kwa sababu ni mama, kwa sababu alitaka upone kabla ya ile tarehe...

"Kichwa kigeukie huku kidogo," binti anasema, na vidole vinahamia chini ya sikio, bado ni shingoni, dakika ngapi sasa, saa ya ukutani imesimama au ni yeye amesimama. "Arobaini na tisa," ndivyo alivyosoma walipoingia tu, akapima tena akidhani utepe umejikunja, arobaini na tisa, zimeongezeka sentimita tano, bibi, na hapa kifundoni ngozi imekuwa nyembamba mno, ikipasuka ni kidonda, na kidonda cha mguu wa hivi hakifungi leo wala kesho, wengine hawasimami tena, nani anakukanda nyumbani? Na yeye akaibana mikono chini ya mapaja, na mama bila kugeuza kichwa, bila kumtupia hata jicho, "Hakuna, mwanangu, nani ana muda na vizee," na hizi alama, bibi, alama nne upande mmoja na moja upande wa pili, zimeiva zambarau, hata kipofu akizigusa atajua huo ni mkono wa mtu, "Nimejigonga kitandani," mara tano, bibi? "Kitanda chetu kikorofi." Sentimita tano. Ni zake hizo, hakuna mwingine wa kugawana naye, sentimita tano na alama tano, kaziumua kwa mikono yake mwenyewe, na mama kadanganya, mama aliyemchapa kwa kijiko kimoja cha sukari, akisema huku anachapa, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, leo kamchelea, kamchelea akiwa na miaka arobaini na mitatu na mvi mbili...

na mama alikuwa analia, ee Mungu, jioni zote zile alikuwa analia, ule wimbo, mdomo umefungwa, wimbo usio na maneno unatoka puani, yeye akadhani anaburudika, akikaza mkono wimbo unapanda, akasema moyoni, kumbe ndivyo anavyopenda, akakaza tena, wimbo ukapanda tena, akajisifu, kesho yake akawasimulia wenzake mezani, mama yangu nikimkanda anaimba. Na wimbo ule anaujua. Alikuwa na miaka minane, mchana, amekaa nje ya mlango wa chumba amezuiwa kuingia, mdogo wake anazaliwa humo ndani, na wimbo ni huo huo, unapanda, unakatika, unapanda, na jirani akatoka na ndoo akamwambia usiogope, mama yako hapigi kelele, yeye akiumwa anaimba... aliambiwa, akiumwa anaimba, aliambiwa waziwazi, akasahau, amewezaje kusahau kitu kama hicho...

kwa nini hakusema, neno moja tu, Mikono taratibu, mbona zamani alilisema kwa kikombe... "Unasikia maumivu hapa, bibi?" "Sisikii kitu, ndiyo maana nina wasiwasi, dawa isiyouma hiyo ni dawa?" kwa nini hakusema, na jibu analijua, kabla ya beseni lile walikuwa wanaambiana nini, chai iko wapi, umefunga mlango, basi, anatoka kazini anakula analala, miaka imepita hivyo, na mguu ndio uliowaleta kwenye kigoda kimoja, saa nzima kila jioni, mama akaanza kumhadithia chumba cha pasi pale hotelini alikofanya kazi, mvuke, miaka thelathini amesimama, yule msimamizi aliyeunguza suruali ya mgeni akasingizia panya, walicheka hadi maji yakamwagika, na akinyamaza anaanza wimbo. Aliogopa. Aliogopa kwamba akisema inauma, mikono itaondoka na kigoda kitaondoka, na mwenye mikono ataondoka nayo, basi akaimba, kauharibu mguu wake mwenyewe ili mtoto akae, na mtoto kakaa, kakaa na kukanda...

Kimya. Ndipo anasikia kwamba ni kimya, muda wote huu vidole vya binti vinavuta na kuachia na mama haimbi, mdomo umefunguka kidogo, taya limelegea, kumbe huu ndio uso wake asipoumwa, na yeye kakaa naye nyumba moja miaka yote asiujue. "Mikono," mama anasema, macho yamefumbwa, sauti ya usingizini, "jioni utanikanda, eh? Usiache." Na vidole vya binti wa tiba vinasimama. Hageuki. Anatazama tu ukutani, kama mtu anayejumlisha, kisha vinaanza tena, vuta, achia, bado shingoni, na saa ni ile ile, na mguu uko pale pale juu ya mito. Anaitoa mikono chini ya mapaja. Imekufa ganzi, ina mistari ya kiti, haijui ishike nini, anaiweka magotini ambapo kila mtu anaiona. "Nitakuwepo, mama," anasema. "Tutaanzia shingoni."