Mshipa Uliofika Jikoni

Mwalimu mkuu mstaafu alijikata kiganja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, alipomnyang'anya mke wa mwanawe kisu ili amwonyeshe namna sahihi ya kukata kitunguu. Kitunguu kilisalia kizima. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikafa ganzi, na tangu hapo mwalimu alifungwa vifungo vya blauzi kama mtoto wa chekechea, jambo lililomuuma kuliko jeraha.

Daktari aliushona mshipa wa fahamu, akamtuliza.

"Usiwe na haraka, Mwalimu. Nyama iliyoumia hutoa vichocheo vyake vya ukuaji. Mshipa huota ukivifuata, milimita moja kwa siku."

"Na ukipotea njia?"

"Huelekea panapouita zaidi."

Mwalimu aliupima kwa rula kila asubuhi. Wiki ya kumi na tatu mshipa ulichomoza kwenye ncha ya kidole, mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Alisikitika kwamba haukunyooka. Kisha ukashika kasi, ukashuka kitandani, ukapita chini ya mlango, ukaambaa na ukuta wa ukumbi. Mke wa mwanawe aliuruka alipokuwa akipiga deki. Alhamisi ukafika jikoni, ukamwingia mke huyo wa mwanawe katika kiganja cha kulia, penye nyufa za sabuni.

Papo hapo ganzi ikamtoka mwalimu. Vifungo vyake mwenyewe hakuvihisi hata kidogo. Alihisi maji ya moto, mpini wa sufuria, na malengelenge ambayo hakuwa na habari nayo.

"We! Unafanya nini huko?"

"Naosha vyombo, mama."

"Mbona kunaunguza hivyo?"

"Huwa kunaunguza, mama. Mwaka wa kumi na moja huu."

Daktari alikuja, akausifu mshipa kwa kuota vizuri. Akashauri mkono wa jikoni upumzishwe miezi miwili. Ukipona, hautaita tena, na mshipa utarudi kwa mwenyewe.

"Miezi miwili! Na vyombo?" akauliza mwalimu.

Daktari hakuwa na dawa ya vyombo.

Mwalimu alitafakari siku tatu, kwa uzito uleule aliokuwa akiutumia kupanga ratiba ya mitihani. Hatimaye alimwita mke wa mwanawe, akamwagiza dukani, kwa sentensi kamili isiyo na kosa, akanunue glavu moja ya mpira, ya mkono wa kulia.

"Na wa kushoto, mama?"

"Wa kushoto hauniumi, mwanangu."