Oili Iliyometameta

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa mwezi wa sita, fundi wa magari alipomwaga oili ya injini kwenye beseni jeupe, na oili ikametameta kama shingo ya bibi harusi.

"Mzee, hii si oili," alisema fundi, kijana mwembamba ambaye watu walimwita Bisibisi. "Hili ni duka la sonara."

Mwenye gari aliitwa Kufuli kwa kuwa alichonga funguo, wala si kwa ajili ya mdomo wake, maana mdomo huo haukuwahi kuona komeo. Aliinama akatazama beseni, akainuka akiwa na mshtakiwa tayari.

"Si nilisema? Wakubwa hao! Petroli wanaichakachua. Halafu matuta yao! Lami ikitoboka hawazibi, wanaweka tuta. Tuta likimomonyoka wanaweka kibao cha kutuambia kuna tuta. Injini ya mtu itaacha kusagika?"

"Shemeji," alisema mdogo wa marehemu mkewe, aliyekaa juu ya tairi kuukuu akifukuza inzi, "juzi chai ilipokuunguza ulimi ulisema ni serikali."

"Niliinywa haraka kwa sababu ya nani? Umeme wao si ulikuwa unakaribia kukatika!"

Gari lilikuwa la mkewe. Alilinunua likiwa limeshachoka, akasambazia mayai madukani mpaka kilomita zikapita laki nne, na kazi ya Kufuli ilikuwa kukaa pembeni, kupakata trei na kuwatukana wenye barabara. Mke alipofariki, aliwalaumu madaktari, kisha wakubwa wa madaktari, kisha wakubwa wa wakubwa. Alipofika juu kabisa hakumkuta mtu, akashuka na uchungu wake kama alivyopanda nao.

Kitu kimoja hakukigusa: kiti cha dereva. Mkewe alikuwa mfupi, alikisogeza mbele mpaka mwisho. Kufuli ni mlingoti. Akiendesha, magoti huukumbatia usukani, na akitaka kukata kona ya kulia huanza kwa kuliomba radhi goti. Kukirudisha kiti nyuma ni kitendo cha mkono mmoja tu. Mkono huo hajaupata. Na gari likienda kwa wakata vyuma, kiti kitakwenda nalo.

Bisibisi alipitisha sumaku kwenye beseni. Ikatoka tupu.

"Haishiki. Si chuma, ni shaba. Ndani ya injini, shaba inatoka kwenye beringi. Injini inajitafuna yenyewe, mzee. Ningekuwa wewe, ningeliuza kwa wakata vyuma leo, likiwa bado linaweza kujipeleka."

Kufuli alilitazama gari, akautazama ule mlango wa dereva.

"Na hizo beringi," aliuliza, lakini sauti haikuwa na moto, "nani aliziruhusu ziingie nchini?"

Shemeji mtu alisimama, akakung'uta gauni. "Twende kibandani kwako tukachukue oili mpya, tulirudishe nyumbani kwanza. Hata maiti haiachwi gereji."

Kibanda kilikuwa ng'ambo ya barabara. Mlangoni mama mmoja alikuwa akisubiri ufunguo wa stoo, na Kufuli si mtu wa kumwacha mteja amesimama, hata siku ya msiba. Akaubana ufunguo kwenye mashine. Mashine ikapiga ukelele, na vumbi la manjano likaanza kumiminika chini, laini kama unga wa ngano.

Shemeji mtu alilifuata vumbi kwa macho. Lilishuka, likapita ukingo wa meza, likatua ndani ya faneli iliyoning'inia kwenye msumari, mdomo juu. Alingoja mteja aondoke.

"Shemeji, faneli hii ni ya nini?"

"Ya kumiminia oili. Mafundi siwaamini. Mimi oili nabadilisha kwa mkono wangu. Leo tu ndiyo umeniburuta kwa huyo Bisibisi wako."

"Na inakaa hapa? Hivi hivi, na oili yake ndani?"

"Ikae wapi? Kila kitu na mahali pake."

Shemeji mtu alichovya kidole ndani ya faneli, akakizungusha, akakitoa. Kilikuwa kinang'aa mpaka kwenye kifundo.

"Petroli ina waziri wake," alisema taratibu. "Barabara zina waziri wake. Nieleze, waziri wa faneli ni nani?"

Kwa mara ya kwanza watu wa mtaa ule wangeweza kusema jina la Kufuli lilimfaa. Alifungua mdomo, akaufunga. Akaangalia dari. Mwishowe akapata upenyo.

"Msumari huo aliupiga dada yako."

"Mshtaki basi."

Kufuli aliutazama msumari. Ulikuwa umepinda kidogo, kama kila msumari uliopigwa na mwanamke yule, ambaye nyundo aliishika kama mwiko.

"Msumari hauna kosa," alisema.

Bisibisi aliposimuliwa, alicheka mpaka akaegemea boneti. Kisha akajifuta machozi na kutikisa kichwa.

"Lakini msishangilie. Funguo ni shaba, beringi nazo shaba, na shaba haina kitambulisho. Kama ni funguo tu, huenda injini ikapona. Kama ni beringi, tunazika. Nitaisafisha, nibadilishe chujio, nitie oili mpya. Tembea nalo wiki, tuimwage tena."

Faneli mpya alinunua shemeji mtu, akaitia kwenye mkoba wake. "Wizara imehamia kwangu," alisema. "Ukiihitaji, omba miadi."

Wiki nzima Kufuli aliendesha magoti yakiwa usukanini. Kwenye kila tuta alipunguza mwendo, wala hakutukana. Alikuwa akisikiliza injini, na huwezi kusikiliza huku unatukana. Majirani walidhani anaumwa.

Siku ya kumwaga oili, Bisibisi alisukuma beseni jeupe chini ya gari. Oili ilishuka, nzito, ikatulia. Akalivuta beseni mpaka ubavuni mwa gari, penye mwanga. Vichwa vitatu viliinama juu yake, vikagongana.

"Jitengeni, mnaziba jua!" alisema Bisibisi.

Wakajitenga. Katikati ya beseni kitu kikameta, kikatoweka, kikameta tena.

Kufuli alipiga magoti. Mkono mmoja ulikuwa nyuma yake, umeushika mlango wa gari.

"Jamani," aliuliza, "hicho ni shaba, au ni jua?"