Mtoto Asiyemwamkia Mjomba

Nje ya mlango wa Winfrida, kule Gungu, kulikuwa na kandambili jozi tatu, na zote zilikuwa zake. Za bluu alivaa mwenyewe. Nyekundu zilikuwa za Verediana, aliyemtoka mwilini kila asubuhi alipokuwa akijifunga kitenge, akabeba ndoo ya mawese na kwenda Ujiji kubishana na wateja kwa Kiha kitupu. Za tatu, ndogo, zilikuwa za mtoto wa miaka saba ambaye hakuwa na jina jingine zaidi ya Winfrida.

Mtaa ulikwishawazoea. Bodaboda waliwapakia wote bila kuuliza, maana uzito ulikuwa wa mtu mmoja. Mama Leonia, aliyeishi na bintiye Winfrida, alisonga ugali wa mtu mmoja akaugawa sahani tatu.

Shida ilikuwa salamu. Mtoto aliamkia kila mtu, hata vijana waliozaliwa juzi. Ila mjomba Gervasi, kaka yake Mama Leonia, alipokuja Jumapili baada ya ibada, mtoto alimtazama viatu tu. Jumapili tatu mfululizo. Gervasi ni mzee wa kanisa, na mtu wa namna hiyo akinyimwa shikamoo na kitoto, Gungu nzima hupata habari kabla ya chakula cha mchana.

Kikao kikaitwa. Wazee sita walikaa sebuleni na sinia la migebuka wa kukaanga. Winfrida alisema mwaka aliolelewa kwa mjomba, kule Rusimbi, akiwa darasa la pili, hakumbuki hata siku moja. Mtoto ndiye anayeukumbuka kwa niaba yake. Aliomba mtoto aulizwe, na watu wasikie jibu. Hakutaka kingine.

Wakamuuliza.

"Mkewe akienda sokoni, mjomba alikuwa anafunga mlango," mtoto alisema. "Mimi nikiwa ndani."

Wote walisikia. Mjomba aliendelea kutoa miiba kwenye samaki wake. Hakuna aliyeuliza la pili. Mzee mmoja akakohoa, akasema watoto wa siku hizi hawana malezi, ingawa huyu alikuwa na miaka saba tangu mwaka tisini na nane. Verediana alisema jambo kwa Kiha, lisiloandikika, akaambiwa si yeye anayejadiliwa.

Mama Leonia alimvuta bintiye pembeni, yule mkubwa.

"Funika kombe, mwanangu. Ni kaka yangu huyo."

Winfrida akamshika mtoto bega, akamsogeza mbele.

"Shikamoo, mjomba," mtoto alisema.

"Marahaba, mwanangu," Gervasi alisema, akamwekea mkono kichwani. Wazee wakaomba maji ya kunawa.

Asubuhi iliyofuata, Winfrida alipokuwa akijifunga kitenge, akatoka mwingine, na kandambili mlangoni zikawa jozi nne. Huyu alikuwa mdogo kuliko wote. Umri wake haukujulikana, kwa sababu hakuwa na mdomo wa kuutaja. Mahali pake palikuwa na ngozi tu. Mama Leonia alitoa sahani ya nne, akamwangalia, akairudisha kabatini.

Jumapili mjomba alikuja kama kawaida. Alimkuta yule mdogo amekaa kizingitini, kimya, akamsifu mbele ya watu wote. Huyu, alisema, ndiye mwenye adabu.