Nguo Iliyopita Goti

Ulikuwepo. Usijifanye unafunga kamba za viatu. Ndivyo ulivyofanya siku ile pia, Andrea aliponyanyua bendera nyekundu. Basi leo utasikiliza ulichokikwepa.

Bwawa lile la kuogelea la Morogoro walilichimba wafanyakazi wa kiwanda wenyewe, kilipokuwa cha umma, na wanawake walikuwa na alasiri yao ya Alhamisi, wanaume wote nje ya ukuta. Kiwanda kikauzwa, bwawa likaenda nacho, Alhamisi ikafutwa. Kisha mwekezaji akaandaa mashindano ya kuogelea ya watu wazima wa klabu ya bwawa, akaahidi kuwa mshindi wa kike ndiye atakayeamua Alhamisi iwe ya nani.

Mwanaasha, muuza vitenge wa Kihonda, akakubali kutazamwa siku moja ili wenzake wasitazamwe tena. Akajishonea nguo ya kitambaa cha jezi, kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu.

Mwaka ule sheria mpya zilikuwa zimetoka, za kuzuia nguo za mpira zinazomtelezesha mtu majini. Nguo iwe ya kitambaa, zikasema, na ya mwanamke isipite goti. Refa alikuwa Andrea, mtunza bwawa, ambaye kazi yake ilikuwa mkononi mwa Bartholomeo, meneja wa mwekezaji.

Asubuhi ya mashindano alikagua nguo. Ya Christina, mhadhiri kutoka Mzumbe, iliishia gotini sawasawa. Lakini Andrea aliinyunyizia maji, yakakimbia kama kwenye jani la mgimbi. Mpira mtupu. Akamtazama meneja. Meneja akatazama mlima. Andrea akasema, "Pita."

Ikafika zamu ya Mwanaasha. Hapo Andrea alipaswa kumwita pembeni, amwambie kiungwana: kata miguu ya nguo hii, au simama tuibishie sheria. Ulimi ukamshinda. Akakimbilia utani, maana yeye Mnyamwezi, Mwanaasha Mluguru, na watani hawakosi la kusema.

"Mluguru wewe! Mapazia hayo umeyang'oa dirisha la nani? Yamepita goti, nakutoa!"

"Unitoe unipeleke wapi, Mnyamwezi? Tabora? Utanibeba, mizigo umeizoea!"

Watu wakaangua kicheko. Andrea akacheka kuliko wote, moyoni akijiambia: si nimeshamwambia?

Mwanaasha akaogelea. Nguo ilijaa maji, ikamvuta nyuma kama mtu aliyemshika miguu. Aligombania kila hatua ya maji yale. Akagusa ukuta kabla ya Christina, kwa tofauti ya kiganja tu. Nyuma ya waya wa uzio wanawake wa Kihonda wakapiga vigelegele, kanga zao za kuogea zikiwa tayari kwenye vikapu.

Bartholomeo akainama sikioni mwa Andrea. "Goti," alisema.

Bendera ikapanda. "Mwanaasha ametolewa. Mshindi Christina."

Mwanaasha, maji yakimchuruzika, akacheka. "Umeanza tena, Mnyamwezi!" Akamsubiri acheke naye. Akasubiri. Andrea akaona kile kicheko kikimfia usoni taratibu, akatamani bwawa limmeze.

"Safari hii si utani," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuipenda.

Christina alijibandua ule mpira mapajani, macho chini. Nyuma ya waya vikapu vikanyanyuliwa kichwani.

Siku ya pili Andrea alikwenda Kihonda kuomba radhi. Njiani alijitayarishia matusi atakayotukanwa, akayangoja kama mgonjwa anayengoja dawa. Mwanaasha akatoka, akajitanda kanga vizuri, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee Andrea."

Miaka yote hakuwahi kumwamkia hivyo. Mtani haamkiwi, mtani hutukanwa. Andrea alijibu "marahaba", akageuka na radhi yake mdomoni, akatembea akiona kila mlango unamwamkia.

Tangu hapo Alhamisi ni ya wanafunzi wa Christina, wale wenye kulipa. Andrea bado anafagia ukingo wa bwawa, na kila akipanga kuyasema ya ule mpira, anasubiri mtu wa kuanza.

Leo Jumapili klabu inakaa kikao. Wewe ni mwanachama, na uliyaona maji yakikimbia kwenye ile nguo. Acha kamba za viatu. Nenda, simama kabla meneja hajafungua kikao, useme mbele yao wote: mpira ulipita, kitambaa kikatolewa, Alhamisi irudi kwa Mwanaasha. Anza wewe. Inuka sasa hivi.